Miaka Ishirini na Tisa Rabai: Johannes Rebmann na Wale Waliomshika Mkono

Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Zanzibar ili kujadiliana naye juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Katika safari hiyo Frere alizitembelea pia misioni za pwani, akapanda mpaka Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Huko alimkuta Mchungaji Johannes Rebmann. Alikuwa na umri wa miaka 53, macho yake yamefifia na kukaribia upofu, mkewe amekwisha kuzikwa, na wamisionari wenzake wa mwanzo wamekufa au wamekwenda zao. Alikuwa ameishi pwani hiyo tangu 1846 bila kurudi kwao Ulaya hata mara moja. Wakristo waliomzunguka walikuwa wachache kiasi kwamba mgeni angeweza kuwasalimu wote kwa mkono kabla chai haijapoa.

Tangu siku hizo Rebmann amehukumiwa kwa namna mbili. Wataalamu wa jiografia humkumbuka kama Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro, kisha humwacha. Wanahistoria wa misioni, kwa upande wao, humtaja kwa heshima na haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba asioujua vizuri. Katika makala hii tunakusudia kukaa naye kidogo zaidi. Swali letu ni hili: miaka ile ishirini na tisa ilikuwa ni huruma yenye subira, au ilikuwa ni ukaidi tu wa mtu aliyeshindwa kuondoka?

Swali hilo si la makumbusho. Kila mwaka sharika zetu hujaza takwimu: waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa, waliohama. Hakuna mahali pa kumwandika mtu ambaye mwinjilisti ameketi naye kwa miaka saba, akamsaidia kuvuna, akamzika mama yake, naye mtu huyo bado hajaamua. Mchungaji kijana akipelekwa mtaa wa namna hiyo, mwaka wa tatu huanza kuulizia uhamisho. Hatumlaumu. Lakini ingefaa amfahamu Rebmann kabla ya kuandika barua yake.

Waliofika na homa

Aliyetangulia kufika ni Johann Ludwig Krapf. Yeye na Rebmann walikuwa wana wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, waliolelewa katika Kanisa la Kilutheri na katika uamsho wa Kipietisti uliokuwa na nguvu sana huko, na wote wawili walisomea Basel. Waliajiriwa na chama cha misioni cha Waanglikana, yaani C.M.S., kwa sababu chama hicho kilikuwa na fedha lakini hakikuwapata Waingereza wa kutosha waliokubali kutumwa. Kwa hiyo Injili ilipopanda vilima vya Rabai ilitumwa kutoka London, ikasemwa kwa lafudhi ya Württemberg, na sisi Walutheri hatuna sababu ya kuisoma historia hiyo kana kwamba ni ya jirani.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara ya kwamba kazi imeanza, wala si ya kwamba imekwisha. Rebmann alimkuta mjane huyo mwezi wa Juni 1846. Tarehe 25 Agosti, baada ya wazee wa Rabai kukubali kuwapokea, wakahamia huko, wote wawili wakiwa na homa, na punda wao akiwa mmoja.

Yaliyofuata yanafanana na orodha ya mazishi. Johannes Wagner alifika 1849 na kufa muda mfupi baadaye. Christian Pfefferle alifika 1851, naye akafa upesi. Jakob Erhardt alidumu miaka michache, akaondoka 1855. Krapf mwenyewe, kwa kuharibika afya, aliondoka 1853. Rebmann alimwoa Emma Tyler huko Misri mwaka 1851. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga, na Emma akafariki mwaka 1866. Tukihesabu vizuri, kwa miaka mingi makaburi ya Ulaya pwani hiyo yalikuwa mengi kuliko wabatizwa.

Je, Warabai hawakuwa na imani?

Tumezoea kusema kwamba wamisionari waliwaendea watu wasio na imani. Yatupasa kulitumia neno hilo kwa uangalifu. Watu wa Rabai, mmoja wa makabila tisa ambayo siku hizi huitwa Mijikenda (jina la zamani "Wanyika", lenye maana ya watu wa porini, wenyewe hawakulipenda, nasi hatuna sababu ya kuliendeleza), walimjua Mulungu na kumwomba mvua. Walikuwa na kaya yao ndani ya msitu, wazee wao, viapo vyao na sadaka zao. Walichokosa ni habari za Kristo, na habari hizo zililetwa na wageni wawili wagonjwa waliokaa katika nyumba ya miti na makuti.

Wageni hao, tusifiche, hawakuanza kwa huruma. Maandishi yao ya miaka ya kwanza yamejaa manung'uniko: watu wanapenda tembo mno, wanaomba zawadi, wanawaza chakula cha leo tu, wanasikiliza kwa adabu na kwenda zao. Msomaji wa Kiafrika huyasoma kwa uchungu. Anajiuliza ni mkulima gani wa nchi ya ukame, anayeishi kwa hofu ya njaa na ya mashambulizi ya Wamasai, asiyewaza chakula cha leo. Tena Warabai walikuwa na sababu nzuri ya kusita. Kubatizwa kulikuwa na maana ya kujitenga na ngoma na sadaka za kaya, yaani kujitenga na wale wote ambao mtu angewategemea siku ya njaa. Wamisionari walikuwa wanamtaka mtu aukate mkono uliomlisha, kabla wao wenyewe hawajaonyesha kama watakuwapo mwaka ujao.

Hapo ndipo urefu wa muda unapoanza kuwa na maana ya kitheolojia. Kwa Kigiriki cha Injili, neno tunalolitafsiri "kuhurumia" linatoka katika neno la matumbo, sehemu za ndani. Marko anaposimulia habari za Yesu kuwahurumia makutano waliokuwa kama kondoo wasio na mchungaji, jambo la kwanza analoliandika baada ya huruma hiyo ni kwamba alianza kuwafundisha, tena mambo mengi. Huruma ya namna hiyo haimalizwi kwa tendo moja. Nayo haikuwamo ndani ya Rebmann siku aliyoshuka melini. Tunaamini kwamba aliipata Rabai, na kwa sehemu kubwa aliipata kutoka kwa Warabai.

Mringe

Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe. Alikuwa mlemavu, maskini, mtu ambaye katika baraza la wazee hakuwa na sauti. Alikuwa akija kwa Krapf na kulala hapo, na mazungumzo yao juu ya ulimwengu ujao yaliendelea usiku. Alibatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 akiwa karibu kufa, na baada ya kubatizwa akafa. Kwa takwimu za usharika, hii ilikuwa faida na hasara katika ukurasa uleule.

Lakini Mringe hakuwa amenyamaza. Kwa njia yake mtu mwingine, Abe Gunja, alivutwa kwenye mafundisho. Mtu huyu hakubatizwa mara moja. Rebmann alikuwa mgumu katika jambo hilo, hakumwaga maji upesi. Ilichukua takriban miaka kumi tangu kifo cha Mringe mpaka Abe Gunja alipobatizwa, akaitwa Abraham, na mwanawe Nyondo akaitwa Isaac. Miaka kumi kwa nyumba moja! Tunapowaeleza wanafunzi jambo hili, wengine hucheka. Baadaye huuliza: katika miaka hiyo kumi walizungumza nini? Swali hilo la pili ndilo la maana.

Mwavuli na ghadhabu ya Machame

Ni kweli kwamba Rebmann hakuanza kama mtu wa kukaa. Mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mwenyeji wa pwani aliyezijua njia za misafara, alikwenda Uchagani akiwa na mwavuli mkononi badala ya bunduki. Tarehe 11 Mei aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Huko London mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, aliikataa theluji hiyo kwa dhihaka. Mangi Masaki wa Kilema alimpokea mgeni vizuri. Mwishoni mwa mwaka huo Rebmann alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapendezwa, na Aprili 1849 akarudi tena na mizigo mingi, kwa nia ya kupita huko na kuendelea mpaka Unyamwezi. Mamkinga aliichukua mizigo karibu yote kwa jina la zawadi. Rebmann akarudi pwani katika mvua za masika, mgonjwa, mikono mitupu, wala hakwenda tena Uchagani.

Baada ya hapo yeye na Krapf hawakuwa na mawazo mamoja. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misioni kutoka bahari ya mashariki mpaka ile ya magharibi. Rebmann aliona kwamba pasipo lugha na pasipo watu wanaomjua mtu kwa jina, kituo ni nyumba tu. Wasomaji wengi humpenda Krapf kwa sababu ndoto yake ilikuwa kubwa. Sisi tunadhani kwamba wote wawili walihitajiwa, lakini kama tungelazimika kumpeleka mmoja katika mtaa ambao umekataa wachungaji watatu, tungempeleka Rebmann.

Salimini

Kazi iliyojaza siku zake ilikuwa ya maneno. Pamoja na Krapf alikusanya maneno ya Kirabai. Kamusi hiyo ilichapishwa 1887, baada ya wote wawili kufa. Alifanya kazi ya Kiswahili pia. Lakini iliyo ya ajabu zaidi ni kamusi ya tatu. Mombasa alikutana na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, mtu wa nchi za Ziwa Nyasa, aliyekamatwa na kupelekwa pwani kama maelfu ya wengine. Katika miaka ya 1850 Rebmann aliketi naye, neno baada ya neno, mpaka ikapatikana kamusi ya lugha ya watu ambao yeye hakuwahi kuwaona wala hakutazamia kuwaona.

Tufikirie kidogo maana ya vikao hivyo. Mtumwa huulizwa maswali ya namna moja tu: je, kazi imekwisha? Hapa alikuwapo mtu aliyemwuliza kwenu mnauitaje mvua, mnaitaje huzuni, mnaitaje mtu anayerudi nyumbani. Mwalimu alikuwa Salimini; mchungaji mwenye elimu ya Basel ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Hatusemi kwamba jambo hilo liliondoa utumwa wake, maana halikuondoa. Tunasema kwamba katika pwani iliyomhesabu mtu kwa bei, alikuwapo mmoja aliyemhesabu kwa maneno yake. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, wakati Waskoti walikuwa wameanza misioni yao kando ya Ziwa Nyasa miaka miwili kabla.

Ilikuwa katika meza hiyohiyo ya kusikiliza kwamba Rebmann na Erhardt, kwa habari walizopewa na wafanyabiashara wa misafara, walichora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani ilikosea, ila kosa lake liliwasukuma Burton na Speke kuja kutafuta ukweli. Mwaka 1857 hao walipita kwa Rebmann, na ilitazamiwa afuatane nao. Alikataa. Mwaka huo Wamasai waliishambulia nchi ya Rabai, misioni ikabidi ikimbie kwa muda, na ilikuwa rahisi sana kuichukua nafasi ile na kupata sifa. Yeye alirudi Kisuludini, karibu na Rabai, akajenga upya.

Ukaidi

Baada ya kusema hayo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Ustahimilivu wa Rebmann ulikuwa na kivuli chake. Mwaka 1864 walifika Rabai vijana Waafrika waliokuwa wameokolewa utumwani wakiwa watoto na kulelewa Nasik, India: miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Walikuwa na ufundi, elimu na imani, tena walikuwa wameyaonja wenyewe mateso ya watu waliotumwa kuwahudumia. Mtu angedhani Rebmann angewakabidhi kazi kwa furaha. Haikuwa hivyo, uhusiano ulikuwa mgumu. Aliyezoea kubeba peke yake mara nyingi hajui kumpa mwingine upande wa mzigo. Anaogopa utaanguka. Kosa hilo tunalifahamu katika Kanisa letu, wala si la Wazungu peke yao: mchungaji aliyeanzisha mtaa kwa machozi ndiye anayeshindwa kumwachia mwinjilisti ufunguo wa sakristia.

Na mavuno yalipokuja, yalipitia mikono ya hao hao. Jones na Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington. Rabai chini ya Jones ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati yao, wa Rabai na Frere Town, walipewa hati za uhuru. Rabai ya watu wachache wa Rebmann ikawa mji. Mapema zaidi, huko Godoma, katika nchi ya Wagiriama, kulikuwa na kikundi cha waumini waliokutana kuomba wakiongozwa na Abe Ngoa, mwenyeji, bila mmisionari yeyote kukaa kati yao.

Je, Rebmann alipanda mbegu hiyo yote? Hatuthubutu kusema hivyo, na Paulo aliwakataza Wakorintho kugawana sifa za namna hiyo. Lakini kuna jambo moja tunaloweza kulisema kwa hakika ya mwanahistoria. Jones alipowafungulia mlango watoro, mlango ulikuwapo. Wazee wa Rabai walikuwa wamekwisha kuona kwa muda wa kizazi kizima kwamba watu wa misioni hawakuja kununua watu, hawakukimbia njaa bila kurudi, na walizika wafu wao katika ardhi ile ile. Imani ya namna hiyo haitolewi kwa mahubiri ya mwezi mmoja.

Hata njia ya Kilimanjaro haikufungwa. Mwaka 1886 Walutheri wa Bavaria walianzisha kituo cha Jimba, karibu na Rabai, kwa ajili ya kuwaendea Wakamba. Kazi yao iliunganishwa na ya Misioni ya Leipzig mwaka 1893, na mwaka huohuo wamisionari wa Leipzig walianza kujenga Machame, pale pale ambapo miaka 44 kabla yake Rebmann alinyang'anywa mizigo. Wengi wa wasomaji wetu wana babu au bibi aliyebatizwa kutokana na kazi hiyo.

Rebmann hakuyaona hayo, wala mengine mengi. Aliondoka mwaka 1875, wakati C.M.S. ilipokuwa inaanza upya pwani kwa nguvu na fedha zilizoletwa na taarifa ya Frere. Kwa kuwa hakuweza kuona vizuri, alihitaji mtu wa kumshika mkono. Aliyesafiri naye mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Miaka kumi ya mazungumzo katika nyumba moja, ambayo wanafunzi huicheka, ndiyo iliyompatia mzee huyo mwongozaji.

Alikaa Korntal, karibu na Krapf, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki. Mwaka huohuo ilichapishwa huko St. Chrischona, jirani na Basel, Injili ya Luka kwa Kiswahili. Tafsiri ilikuwa yake.